Betri ya Ah ngapi inatosha? Hesabu ya TV, dekoda, ruta na taa umeme ukikatika

Chukua TV ya inchi 32, dekoda, ruta ya intaneti, taa nne na simu tatu za kuchaji. Kwa usiku mmoja vyote hivyo vinakula kama Wh 555. Ukigawanya kwa volti 12 unapata Ah 46, na hapo ndipo watu wengi wanapotoka dukani na N50, betri ya gari ya Ah 50, wakiamini wamemaliza kazi. Betri inayotakiwa kwa mzigo huohuo, ikiwa ni ya risasi na asidi, ni ya Ah 157. Hiyo ni zaidi ya mara tatu. Tofauti hiyo inaliwa na vitu vinne ambavyo lebo ya betri haivitaji: upotevu ndani ya inveta (kifaa kinachogeuza volti 12 za betri kuwa 230 za vifaa vya nyumbani), umeme ambao inveta inajilia yenyewe, nusu ya betri usiyopaswa kuigusa, na uzee. Tuvipitie kimoja kimoja, lakini kabla ya hapo vipimo vikae sawa.

Wati ni kasi ya kula. Wh ni chakula chote kilicholiwa: wati mara saa. Ah, yaani ampea mara saa, ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye betri, peke yake haisemi lolote mpaka ujue volti zake. Pawabenki iliyoandikwa 20,000 mAh ni Ah 20, na betri ya pikipiki kubwa inaweza kuwa Ah 20 pia. Ila namba ya pawabenki imehesabiwa kwa seli ya ndani yenye volti 3.7, kwa hiyo ina Wh 74. Ile ya volti 12 ina Wh 240. Kwa sababu hiyo usilinganishe Ah na Ah. Zigeuze zote kuwa Wh, ufanye hesabu yako yote kwa Wh, na urudi kwenye Ah mwishoni kabisa unapoenda kununua.

Pima mzigo, usisome lebo tu

Lebo ya nyuma ya TV inaonyesha kiwango cha juu kabisa. TV iliyoandikwa 65W, mwanga wa kioo ukiwa wa kati, mara nyingi inakula 35 hadi 45. Adapta ya ruta iliyoandikwa 12V 1A inamaanisha inaweza kutoa wati 12. Ruta yenyewe huchukua 6 hadi 9. Ukihesabu kwa lebo utanunua betri kubwa kuliko unayohitaji, na hilo si kosa baya sana. Kosa baya liko kwenye vifaa vyenye mota, kwa sababu huko lebo inadanganya kwa upande wa pili; tutafika.

Kipimo kizuri ni kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi kinachoonyesha wati. Kama huna, mita ya LUKU iliyo ukutani kwako inatosha, mradi uweze kuona kile kitaa chekundu kinachowaka na kuzima. Karibu na kitaa hicho pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh. Maana yake kikiwaka mara moja, Wh 1 imepita. Zima kila kitu nyumbani, chomoa hata chaja zilizobaki ukutani, kisha washa TV peke yake. Ngoja kitaa kiwake, anza kuhesabu sekunde kwa saa ya simu, simamisha kinapowaka tena. Gawanya 3600 kwa sekunde hizo. Zikiwa sekunde 90, TV inakula wati 40. Mita yako ikiwa imeandikwa 1600, gawanya 2250 badala ya 3600. Kwa kifaa kidogo kama ruta utasubiri dakika saba na zaidi, hivyo ni rahisi kukiwasha pamoja na TV, kupima jumla, na kutoa.

Kwa mfano wetu vipimo vimekuja hivi. TV wati 40 kwa saa 5, Wh 200. Dekoda wati 12 kwa saa hizohizo 5, Wh 60. Ruta wati 8, lakini hii inabaki usiku kwa saa 10, Wh 80. Taa nne za wati 7 kwa saa 5, Wh 140. Simu haina haja ya kuhesabiwa kwa saa: betri ya simu ya 5000 mAh ina kama Wh 19, na ukiongeza upotevu wa chaja weka Wh 25 kwa kila simu, yaani Wh 75 kwa simu tatu. Jumla, Wh 555.

Kuwa mkweli kwenye saa. Watu huandika saa 3 za TV kisha Jumamosi kuna mpira wa saa 6 mfululizo. Andika usiku ulio mbaya, si usiku wa kawaida.

Kugawanya mara tatu

Inveta inapogeuza volti 12 kuwa 230, sehemu inapotea kama joto. Inveta nzuri ikiwa na mzigo wa kutosha inafikisha asilimia 90. Za bei ndogo, au zenye mzigo mdogo, ziko chini zaidi. Tumia 0.85. Wh 555 ukigawanya kwa 0.85 unapata 653. Angalia kwamba tunagawanya. Kosa linalorudiwa sana ni kuongeza asilimia 15 juu ya 555, inayokupa 638, na makosa madogo kama hayo yakipangana mara tatu yanakuwa saa nzima ya giza.

Halafu kuna umeme ambao inveta inaula yenyewe hata kama hujachomeka kitu. Ya wati 500 inaweza kula wati 5 hadi 10, na ya wati 2000 au 3000 ikafika 20 au zaidi. Chukua wati 10. Kwa kuwa ruta inabaki usiku kucha, inveta nayo inabaki: wati 10 kwa saa 10 ni Wh 100. Yaani inveta inajilia kuliko ruta inayoihudumia. Tumefika 753.

Mgawanyo wa pili ndio mzito. Betri ya risasi na asidi, iwe ya maji au ile inayoitwa kavu, haitaki kutolewa chaji mpaka chini. Kila ukiishusha sana, mabamba yake yanachakaa na sehemu ya salfeti (ukoko wa chumvi ya risasi) inayojengeka juu yake haiyeyuki tena. Ukiizoesha kuishia nusu itakupa mizunguko mingi ya kuchaji na kutumia. Ukiizoesha kuikausha, itakufa ndani ya miezi. Kwa hiyo 753 gawanya kwa 0.5: Wh 1506. Kwa volti 12, hiyo ni Ah 125.5.

Mgawanyo wa tatu ni uzee. Betri huhesabiwa kuwa imemaliza maisha yake inapobakiwa na asilimia 80 ya uwezo wa mwanzo. Ukinunua inayotosha kamili leo, mwakani haitoshi. Gawanya kwa 0.8 na unapata Ah 157. Madukani utakuta 150 au 200. Chukua 200, au punguza mzigo kwa njia tutakayoonyesha hapo chini.

Kwa betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, hesabu ni ileile ila namba zinabadilika: unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza, na volti yake ya kawaida ni 12.8. 753 gawanya kwa 0.8, gawanya kwa 12.8, gawanya tena kwa 0.8 ya uzee. Unapata Ah 92, yaani betri ya 100. Ndiyo maana lithiamu ya 100 inasimama kwenye kazi ya betri ya maji ya 200, tena ikihimili maelfu ya mizunguko. Kabla ya kulipa, uliza saketi ya ulinzi iliyo ndani inaruhusu ampea ngapi. Nyingine huishia 50, na inveta ya wati 1000 ikibanwa itaikatisha.

Namba ya Ah ina sharti lake

Betri ya maji ya Ah 100 imepimwa kwa kutoa ampea 5 kwa saa 20. Ukiitoa haraka, inatoa kidogo. Ivute kwa ampea 50 hutapata saa 2. Itaishia karibu na saa moja, hata chini ya hapo. Pasi ya wati 1000 kupitia inveta inavuta karibu ampea 98 kutoka kwenye volti 12. Hakuna betri ya 100 ya asidi inayopaswa kufanyiwa hivyo, hata kwa dakika kumi. Kanuni tunayoipenda: mzigo wa kawaida usizidi sehemu moja ya kumi ya Ah. Mfano wetu, kila kitu kikiwashwa pamoja, unavuta kama ampea 11, kwa hiyo betri ya 200 iko salama kabisa. N50 kwa mzigo huohuo inavutwa mara mbili ya kiwango inachostahili, na hapo hata zile Ah 50 hazipo tena.

N50 na N70 zina tatizo jingine. Ni betri za kuwashia gari: mabamba membamba na mengi, yaliyotengenezwa kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache kisha kujazwa mara moja na jenereta ya gari. Ukiziwashia TV usiku kucha unazifanyisha kazi ambayo hazikuumbwa nayo. Kama hali ya mfuko inalazimisha, tumia theluthi moja tu ya uwezo wake na uijaze asubuhi ileile.

Ondoa inveta kwenye vitu visivyoihitaji

Ruta nyingi zinatumia volti 12 za DC (umeme wa upande mmoja, kama unaotoka kwenye betri), na taa za DC za volti 12 zinapatikana kwenye maduka ya sola. Kugeuza 12 kuwa 230, kisha adapta ya ruta iirudishe kuwa 12, ni kulipa ushuru mara mbili barabara moja. Vipeleke moja kwa moja kwenye betri. Sharti: betri ikiwa inachajiwa volti hupanda hadi 14.4 na zaidi, na ruta haikuahidiwa hivyo. Weka kati yao kigeuzi kidogo cha DC kinachotoa volti 12 tulivu hata betri ikipanda au kushuka, na fyuzi ya ampea 3 kabla yake. Simu nazo zichajiwe kwa soketi ya USB ya volti 12, kama ile ya kwenye gari.

Sasa rudia hesabu. TV na dekoda zinabaki kwenye inveta: 260 gawanya kwa 0.85 ni 306, na inveta inawaka saa 5 tu, ongeza Wh 50, inakuwa 356. Ruta, taa na simu ni 295. Kigeuzi kinapoteza kidogo, gawanya kwa 0.95, ni 310. Jumla 666 badala ya 753. Mpaka mwisho wa mgawanyo unapata Ah 139, na betri ya 150 inatosha. Umeshuka saizi nzima bila kuzima chochote.

Friji

Hapa ndipo lebo inapodanganya. Friji ya wati 100 inapoanza kuzungusha kompresa inavuta mara tatu hadi saba ya hapo, kwa muda mfupi sana. Betri haijali muda huo, inveta inajali. Yenye wati 300 italia na kuzima, hata kama hesabu ya Wh iko sawa. Weka ya wati 800 au 1000, ya mawimbi safi (pure sine wave), maana mota haipendi mawimbi ya mraba: inapata joto na kunguruma.

Kwa upande wa betri, kompresa haizunguki muda wote. Kwenye joto la pwani kadiria nusu ya muda. Wati 100 kwa saa 8, nusu yake, ni Wh 400, ambayo baada ya migawanyo yote inadai karibu Ah 100 nyingine za betri ya asidi. Ushauri wetu ni kwamba kama umeme hukatika saa tatu au nne, usiiunganishe kabisa. Friji ambayo haifunguliwi hutunza ubaridi kwa muda wa saa 4 hivi. Pesa ya betri ya pili iende kwingine.

Waya na kikomo cha inveta

Betri inaweza kuwa ya kutosha na bado mfumo ukazima mapema kwa sababu ya waya. Waya wa soketi wa milimita za mraba 2.5, mita 3 kwenda na 3 kurudi, ukipitisha ampea 20 unapoteza karibu volti 0.9. Betri ina 12.3, inveta inaona 11.4 na kuanza kulia. Mwenye nyumba anailaumu betri. Weka waya wa milimita za mraba 16, uufupishe hadi chini ya mita moja, na upotevu unakuwa mdogo usioonekana. Fyuzi ikae karibu kabisa na nguzo ya chanya, si upande wa inveta. Inalinda waya usiwake moto, na waya unaanzia kwenye betri. Kwa inveta ya wati 500, fyuzi ya ampea 60.

Inveta nyingi hukata betri ikifika volti 10.5. Kwa mzigo mkubwa kiwango hicho kina mantiki. Kwa mzigo wetu wa ampea 11 kwenye betri ya 200, volti 10.5 maana yake betri imekaushwa kabisa. Kama inveta inaruhusu kubadilisha, weka kati ya 11.8 na 12.0. Kama hairuhusu, nunua kidude cha kukata volti za chini au uwe unapima mwenyewe. Betri ya asidi iliyopumzika bila mzigo saa kadhaa husomeka hivi: 12.7 imejaa, 12.4 robo imeshatoka, 12.2 iko nusu, 12.0 imebaki robo, 11.8 haina kitu. Lithiamu haipimiki hivyo, kwa sababu volti zake hukaa karibu na 13 muda mrefu kisha huporomoka ghafla. Huko unahitaji kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Je, itajaa kabla umeme haujakatika tena?

Swali hili husahaulika, na ndilo linaloua betri nyingi wakati wa mgao. Wh 753 ni kama Ah 63. Betri ya asidi inataka irudishiwe kwa nyongeza ya asilimia 20 hivi, yaani Ah 75. Chaja ya ampea 10 itahitaji saa saba na nusu, na bado ule mwisho wa chaji, volti zikiwa 14.4 na ampea zikipungua, unataka saa mbili au tatu zaidi. Umeme ukirudi saa sita usiku na kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, haikujaa. Kesho yake unaanzia chini zaidi, na wiki ikiisha salfeti imeshaganda kwenye mabamba. Betri ya 200 inapokea ampea 20 hadi 30 bila shida. Nunua chaja ya kiasi hicho. Betri kubwa kwenye chaja ndogo hufa mapema kuliko betri ndogo inayojaa kila siku.

Joto nalo linahesabiwa. Kila nyuzi 10 juu ya 25, maisha ya betri ya asidi hupungua kwa karibu nusu. Isikae juu ya kabati chini ya bati. Wala isikae uvunguni au kwenye sanduku lililofungwa, maana ikichajiwa inatoa gesi inayoshika moto. Ya maji iongezwe maji ya betri yaliyokenekwa (distilled) tu. Si ya bomba, na si asidi.

Betri mbili za 12V 100Ah ukiziunga kwa sirizi, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, unapata volti 24 na Ah 100 zilezile. Ukiziunga sambamba unapata volti 12 na Ah 200. Wh ni 2400 kwa vyovyote. Ziwe za aina moja, umri mmoja, zimenunuliwa siku moja. Mpya ikiunganishwa na ya zamani, ya zamani huivuta ile mpya chini.

Kabla hujalipa, na wiki ya kwanza

Beba mzani au mikono yenye uzoefu. Betri ya asidi ya 12V 100Ah ina kilo 27 hadi 32 hivi, na ya 200 huwa juu ya kilo 50. Risasi ndiyo inayobeba umeme, hakuna njia ya mkato. Ukiinua iliyoandikwa 100 ukakuta kilo 18, hiyo ni betri ya 60 iliyovaa stika.

Nyumbani, ijaze kabisa, iache ipumzike usiku mmoja, isome: iwe 12.7 au karibu sana. Kisha tafuta balbu ya taa ya mbele ya gari, 12V 55W. Inavuta karibu ampea 4.5 hadi 5, mzigo uleule ambao kiwanda kinapimia betri ya 100. Ining'inize mbali na kitambaa na plastiki, maana inachoma, na usiguse kioo chake kwa vidole. Iache iwake saa 10. Kwa betri ya 200 tumia balbu mbili. Zima, subiri saa 4 bila kugusa kitu, pima tena. Ikisoma 12.2 au zaidi, Ah ulizolipia zimo. Ikiwa 12.0 au chini, ichaji tena siku hiyohiyo, rudia jaribio mara moja, na matokeo yakija yaleyale irudishe dukani ukiwa na risiti na kadi ya warantii.